Tupange Kwanza: Kopo la Sarafu za Kale ni Maabara ya Shule

Si ajabu, katika kaya za Mkoa wa Kagera ambazo wazee wake waliwahi kufanya biashara ya kahawa au kuvuka mpaka kwenda Uganda, kukuta kopo, kibuyu au mfuko wa kitambaa uliojaa sarafu ambazo hazinunui kitu tena dukani. Aghalabu sarafu hizo husahauliwa uvunguni mpaka siku mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo na mizani yake. Hapo hupimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka, zikatoka kijijini zisirudi tena. Wengine, wakitamani kujua thamani yake, huzisugua kwa mchanga na limao mpaka zing'ae, kisha huzitembeza mjini kutafuta mnunuzi.

Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba njia zote mbili ni hasara, na kwamba hasara hiyo haimwangukii mwenye kopo peke yake. Kopo la sarafu mchanganyiko ni maabara ndogo ya fizikia, kemia, hisabati, historia na lugha. Shule ya sekondari iliyo jirani nalo ingeweza kulitumia kwa muhula mzima bila kununua kitu zaidi ya uzi na sumaku. Lakini maabara hiyo ina sharti moja: hapana budi sarafu zipangwe na kuandikwa kabla hazijasuguliwa, hazijatenganishwa na hazijauzwa.

Yaliyomo katika kopo

Kopo moja la namna hiyo nilionyeshwa Izigo, katika Wilaya ya Muleba. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na mwenyewe, mzee aliyekuwa akinunua kahawa kwa wakulima, alirithi sehemu yake kutoka kwa baba yake na sehemu nyingine akaiongeza mwenyewe kidogo kidogo. Mnunuzi alikwisha ahidi kurudi. Tulizimwaga sarafu juu ya mkeka, na wajukuu wawili wa mzee, wanafunzi wa sekondari, wakaulizwa wazipange.

Walianza kama ambavyo wengi wetu tungeanza: za Tanzania upande huu, za kigeni upande ule. Baada ya dakika chache upande wa Tanzania ulikuwa na sarafu chache tu: samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20, sungura wa senti 50 na mwenge wa shilingi 1, zote za mfululizo ulioanza mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa. Upande wa "kigeni" ulikuwa lundo. Humo mlikuwa na rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria na ya wafalme waliomfuata. Rupia za Kijerumani zenye Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Hela zenye tundu na zisizo na tundu. Shilingi zenye simba na milima, zilizoandikwa "East Africa". Faranga nyepesi za Kongo na Ruanda-Urundi zenye mchikichi. Na, chini kabisa, simbi chache zilizotobolewa mgongoni.

Hapo ndipo swali la kwanza la kisayansi lilipojitokeza. Kigeni kwa nani? Rupia ya India ilipokelewa katika biashara ya Afrika ya Mashariki hata kabla Emin Pasha hajaanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Hela ya Kijerumani ilikuwa fedha halali Izigo. Shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1921, ilikuwa fedha halali papo hapo Izigo kwa zaidi ya miaka 40. Kwa hakika, sehemu kubwa ya lundo la "kigeni" ni fedha za nyumbani zilizotangulia. Zilizotoka nje kwa maana ya kawaida ni faranga, nazo zililetwa na watu tunaowafahamu: vibarua kutoka Rwanda na Burundi waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya migomba na kahawa ya Wahaya.

Kupanga hufuata swali

Somo la kwanza, basi, ni kwamba hakuna mpango mmoja wa asili unaosubiri kugunduliwa. Kila mpango hujibu swali fulani. Tukipanga kwa nchi, tunajibu swali la nani alitawala. Tukipanga kwa metali, tunajibu swali la nini kilipatikana na kwa bei gani. Tukipanga kwa mwaka, huenda tukaona jambo ambalo mipango miwili ya kwanza iliificha.

Chukua mfano wa miaka ya 1940. Katika sarafu za Afrika ya Mashariki za wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadhi zina herufi ndogo SA, alama ya kiwanda cha Pretoria. Nyingine za kabla na baada ya hapo zina H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham, Uingereza. Katika fungu la Kongo ipo faranga 2 ya mwaka 1943 yenye tembo na pembe sita, nayo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Ukizipanga kwa nchi, sarafu ya Pretoria na ile ya Philadelphia hazikutani. Ukizipanga kwa mwaka, zinaketi pamoja, na mwanafunzi atauliza kwa nini wakoloni wawili mbalimbali waliacha viwanda vya kwao kwa wakati mmoja. Jibu ni vita: Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani, na bahari kati ya Uingereza na Afrika haikuwa salama. Bila kufungua kitabu, meza ya sarafu imeleta swali la historia.

Mfano mwingine ni wa tarehe. Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha iliyozagaa toka Uhabeshi mpaka Unguja, imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ile ile katika karne ya 19 na ya 20, mjini Vienna na baadaye hata London, Rome na Bombay. Tarehe iliyoandikwa juu ya kitu si lazima iwe tarehe ya kitu hicho. Mwanafunzi aliyelielewa hilo kwa reale atalikumbuka atakaposoma hati yoyote nyingine maishani mwake.

Na zipo tarehe za kalenda nyingine. Pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, yenye picha ya mizani, ina mwaka 1299 au 1304 wa Hijiria. Pesa ya kwanza ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ina miaka yote miwili, 1890 na 1307. Kwa kuwa mwaka wa Hijiria ni mfupi kwa siku kama 11, twaweza kukadiria: zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1299 unatoa 1882. 1307 unatoa 1890. Hesabu hiyo yamfaa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na usahihi wake anaweza kuuhakiki kwa sarafu iliyo mkononi mwake.

Mizani, maji na sumaku

Macho yakisha fanya kazi yake, zifuate ala. Ya kwanza ni mizani. Rupia ya India iliyo nzima ina uzito wa gramu 11.66 (mwalimu wa fizikia atataka tuuite tungamo, naye ana haki). Rupia ya Kijerumani nayo ina gramu 11.66, na zote mbili zina fedha sehemu 917 katika kila 1,000. Usawa huo haukutokea kwa bahati. Wajerumani walipofika walikuta biashara ya Bahari ya Hindi imekwisha zoea uzito fulani, nao wakaufuata. Mtawala aliweka sura yake juu ya sarafu, lakini uzito aliupokea kutoka sokoni. Hata mgawanyo wa rupia waliufuata mwanzoni: pesa 64 kwa rupia, idadi iliyo rahisi kugawanywa nusu kwa nusu mara sita. Mwaka 1904 ndipo walipoleta hela 100 kwa rupia.

Ala ya pili ni maji. Densiti ni uzito wa kitu katika kila sentimita moja ya ujazo: maji ni 1, alumini 2.7, chuma 7.9, shaba 8.96, fedha 10.5, risasi 11.3 na dhahabu 19.3. Ujazo wa sarafu hupatikana kwa kanuni ya Arkimedi. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ipime hewani, kisha ipime ikiwa imezama majini bila kugusa chombo. Gramu zilizopungua ni sawa na sentimita za ujazo wa sarafu. Rupia nzima hupungua gramu 1.13 majini, nasi tukigawa 11.66 kwa 1.13 tunapata 10.3, densiti ya fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Rupia ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba ya manjano na kupakwa fedha, yenye uzito ule ule, itapungua karibu gramu 1.4. Jicho laweza kudanganywa na rangi, lakini maji hayaioni rangi.

Hapa pana zoezi ambalo nalipendekeza kuliko yote. Shilingi za Afrika ya Mashariki za mwaka 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo moja. Za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli usio na fedha kabisa. Simba ni yule yule, ukubwa ni ule ule, na uzito ni karibu gramu 7.8 kwa zote. Densiti ya zile za kwanza, tukichukua kwamba kilichobaki ni shaba, ni kama 9.3, ya zile za pili ni kama 8.9. Ukipima moja moja, tofauti ya ujazo ni sentimita 0.03 tu, ambayo mizani ya kawaida ya shule haiwezi kuionyesha. Lakini ukifunga shilingi 10 za kila aina pamoja, tofauti huwa karibu gramu 0.3, na mizani isomayo sehemu ya kumi ya gramu inaiona bila shida. Vitabu vingi vinamwambia mwanafunzi kwamba kupima vitu vingi kwa pamoja hupunguza kosa. Ni vigumu kupata mfano unaolithibitisha jambo hilo wazi kuliko simba hawa.

Ala ya tatu ni sumaku. Fedha, shaba na alumini havivutwi. Chuma na nikeli tupu huvutwa, lakini nikeli ikichanganywa na shaba sehemu tatu kwa moja haivutwi tena, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi na linalostahili kushangaza. Sarafu zetu nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 huruka na kuishika sumaku, kwa kuwa ni chuma kilichofunikwa nikeli. Kwa hiyo sumaku peke yake yatuonyesha safari ya karne nzima: toka fedha, kwenda fedha robo, kwenda shaba na nikeli, mpaka chuma. Sababu yake ni moja katika nchi karibu zote: sarafu ambayo metali yake ina bei kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake haikai sokoni, bali huishia kwenye tanuri la sonara.

Tusisahau kwamba metali hizo si ngeni katika mkoa wetu. Nikeli imelala Kabanga, wilayani Ngara. Bati, ambalo likichanganywa na shaba hutoa bronzi, limechimbwa Kyerwa. Mwanafunzi wa Izigo anaposhika senti ya bronzi na shilingi ya nikeli, anashika jiolojia ya Kagera, ingawa metali yenyewe yaelekea ilitoka mbali.

Dhahabu ya Tabora na rupia za ajabu

Elimu hii ina faida nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwananchi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokatiwa njia ya bahari walitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Waligonga hela za shaba na shaba ya manjano, na vilevile rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Kila moja ya hizo za dhahabu ina uzito wa karibu gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu halisi. Kwa kuwa ni adimu, matapeli wanaziiga. Densiti ya ile halisi haipungui 15 hivi; ya shaba ya manjano haifiki 9. Tofauti hiyo ni kubwa mno hata uzi, maji na mizani ya dukani vinatosha kuionyesha. Mtu aliye tayari kuuza ng'ombe wake ili anunue "dhahabu ya Mjerumani" angeokolewa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili kwa robo saa.

Yapo pia masimulizi ya rupia zenye nguvu za ajabu, ambazo husemekana huvuta punje za mchele au kuzima taa, na watu hulipa fedha nyingi kuzitafuta. Mimi sioni faida ya mwalimu kuwacheka wanaoamini. Afadhali aweke juu ya meza rupia inayosifiwa, rupia nyingine ya kawaida, na kipande cha bati chenye ukubwa ule ule, vyote vimefungwa kwa karatasi ili mjaribu asijue kipi ni kipi. Kisha punje za mchele zipangwe kwa umbali uliopimwa, na jaribio lirudiwe mara 20. Wanafunzi wenyewe watatoa hukumu. Anayekataa rupia yake isifungwe kwa karatasi amekwisha toa jibu.

Kusugua ni kufuta

Sasa nirudi kwa wenye mchanga na limao. Weusi ulio juu ya rupia si uchafu tu. Ni salfaidi ya fedha, iliyojengwa polepole na gesi zenye salfa zilizomo hewani na katika moshi wa jikoni. Ukijani ulio juu ya pesa ya shaba ni chumvi za shaba zilizotokana na hewa, maji, udongo na jasho la mikono. Tabaka hizo hueleza sarafu ilikaa wapi: ardhini, darini juu ya moshi, au katika mfuko wa ngozi. Asidi ya limao huyeyusha tabaka hizo, na mchanga huondoa pia metali iliyo chini yake, pamoja na herufi ndogo za kiwanda ambazo ndizo zilizotueleza habari za vita. Asidi kali za maabara ni mbaya zaidi, kwa sarafu na kwa mapafu ya anayezitumia. Udongo uliolegea waweza kuondolewa kwa maji safi na brashi laini, kisha sarafu ikakaushwa kwa kitambaa. Zaidi ya hapo tusiguse.

Vilevile kuchakaa kwenyewe ni habari. Chukua rupia zote za kopo, zipime moja moja, kisha uchore grafu ya uzito dhidi ya mwaka ulioandikwa. Iwapo sarafu ilipita mikono mingi, itakuwa imepoteza sehemu ya gramu. Iwapo ilifichwa mapema, itakuwa karibu na 11.66. Fungu lililofichwa kwa siku moja na fungu lililokusanywa kwa miaka 60 havitatoa grafu ya sura moja. Lakini hilo lawezekana tu ikiwa tunajua kwamba sarafu hizo zilikaa pamoja katika kopo moja, kwa mtu mmoja, mahali pamoja. Mara zikisha changanywa na za makopo mengine, swali hilo haliwezi kuulizwa tena.

Wanasayansi wa Kagera wana sababu ya pekee ya kulijua hilo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao juu ya wahunzi wa Kihaya, wakieleza jinsi ambavyo, miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita, tanuri za ukanda huu wa magharibi ya ziwa zilivyoweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Ushahidi wao haukuwa mapanga yanayong'aa. Ulikuwa mavi ya chuma, mirija ya udongo iliyoungua na mashimo ya tanuri, vitu ambavyo mpita njia angevipiga teke. Thamani yake ilitokana na kuwa mahali pake palijulikana na kuandikwa. Kopo la sarafu lastahili heshima hiyo hiyo.

Je, mwenye shida asiuze?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu ana karo ya mtoto, ana mgonjwa, na mimi namshauri achore grafu. Sisemi asiuze. Kopo ni mali yake. Nasema auze akijua anauza nini. Rupia moja nzima ina karibu gramu 10.7 za fedha halisi. Reale ya Maria Theresa ina gramu 23.4, shilingi ya kabla ya 1948 ina gramu 1.9; shilingi ya baada yake haina hata chembe. Anayenunua kwa kilo moja bei ya shaba huyachanganya hayo yote kwa makusudi. Muuzaji aliyekwisha kupanga sarafu zake kwa metali na kuzipima ana neno la kusema. Asiyezipanga hana ila kusubiri bei atakayotajiwa. Kwa hiyo kupanga si anasa ya wasomi. Ni kinga ya mnyonge.

Wengine watasema hizi ni takataka za wakoloni, ziyeyushwe. Jibu langu ni kwamba hata maneno yetu yamo humo. "Hela" ni Heller ya Mjerumani, na majirani zetu wa Burundi bado huita fedha zao "amahera". "Pesa" imetoka India. Waganda huita fedha "ensimbi", yaani simbi zile zile zilizokuwa chini ya kopo. Na neno letu "fedha" lataja mpaka leo metali ambayo sarafu zetu hazina tena. Historia iliyokwisha kuingia katika ulimi haiondoki kwa kuyeyusha shaba.

Wapo pia wanaotumaini kwamba sheria itavilinda vitu hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ilipotungwa mwaka 1964 iliweka mpaka wa vifaa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863; pesa ya mwaka 1890 haimo. Hata kama mpaka ungesogezwa, askari hawezi kukaa uvunguni mwa kila kitanda. Mlinzi aliye karibu ni mwanafunzi mwenye daftari.

Mapendekezo

Kwa walimu wanaotaka kuanza, napendekeza hatua hizi.

Kwanza, ombeni kopo kwa mkopo, kwa hati. Sarafu zihesabiwe mbele ya mwenyewe zinapotoka na zinaporudi. Shule isiyorudisha sarafu moja haitapewa kopo la pili.

Pili, kabla ya kumwaga, mwulizeni mwenye kopo maswali na mwandike majibu yake: nani alianza kukusanya, alifanya kazi gani, alisafiri wapi, kopo lilikaa wapi. Habari hizi hazimo katika metali, nazo hufa na wazee.

Tatu, kila sarafu ipewe namba kwenye bahasha yake ya karatasi, wala si juu ya sarafu. Daftari liwe na safu za namba, maandishi, mwaka, alama ya kiwanda, kipenyo, uzito, sumaku na densiti. Pande zote mbili zichorwe au zipigwe picha.

Nne, wanafunzi wagawanywe katika makundi, kila kundi lipange sarafu zile zile kwa swali lake. Kisha makundi yaeleze yaliyoona, na yale ambayo mpango wao uliyaficha.

Tano, mikono ioshwe baada ya kazi, na sarafu zisitiwe kinywani. Baadhi ya za bandia zina risasi.

Sita, nakala ya daftari ibaki katika maktaba ya shule, na nyingine apewe mwenye kopo. Shule mbili zikiwa na daftari za namna moja, moja Izigo na nyingine, tuseme, Mutukula mpakani, zitaweza kulinganisha: rupia zilifika wapi kwa wingi, faranga ziliishia wapi, reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 na meli za ziwani ziliacha alama gani.

Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ng'ambo, niliona maabara zenye mashine za eksirei zinazotaja metali za sarafu kwa nusu dakika bila kuigusa. Ni ala nzuri, na natumaini shule zetu zitazipata. Lakini mashine hiyo haiulizi kopo lilikuwa la nani, wala haiamui sarafu ipi ikae na ipi. Kazi hiyo yafanywa na mtu, kwa akili na subira, juu ya mkeka. Walimu wengi huniambia kwamba hawafundishi kwa majaribio kwa sababu vifaa havijaletwa. Kwa baadhi ya mada malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Kwa densiti, sumaku, kosa la kipimo na uainishaji, si ya haki tena, maadamu jirani ana kopo.

Mnunuzi wa vyuma chakavu huja kijijini mara kwa mara. Shule nayo yafaa ifike, na ifike kabla yake.